Mbuzi Walionyonyoka Kibenga

Sisi wa rika langu tuliokulia Kibenga tulijua ladha ya majani ya miti kabla ya kujua ladha ya biskuti. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini wale mliokuwa na mbuzi nyumbani mnanielewa. Jani la mforosadi likiwa changa ni tamu kidogo, kisha linaacha kitu kama vumbi la chaki kwenye meno. La mvumu lina utomvu mweupe unaonatisha midomo. La mubirizi ukilitafuna asubuhi, chakula cha mchana utakila kichungu, na cha jioni vilevile. Niliyaonja yote. Si kwamba nilikuwa na njaa. Nilitaka kujua mbuzi anaona nini humo hata anafumba macho akitafuna, na kwa nini jani hili analinyakua mkononi na lile analigeuzia kisogo.

Mama aliponikuta nimejaza mdomo majani ya mfenesi, aliniangalia tu akasema, "We mutoto, iko siku utaota pembe."

Kibenga ya wakati ule, pembeni mwa mji, ilikuwa mashamba. Nyumba zilikuwa chache, kila moja na kiraka chake cha maharage, mihogo na matembele, na chini kabisa ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ambayo asubuhi yenye mawingu ilipotea yote, ikarudi saa nne kama iliyokwenda sokoni. Baba alifanya kazi kwenye biro moja mjini, kazi ya kupeleka mafaili kutoka chumba hadi chumba, akaenda na kurudi kwa baiskeli. Alitoka milimani. Kiswahili alikijulia kazini, na alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama alizaliwa Bwiza, katikati ya maduka na kelele, na Kiswahili ndicho alichoimbia watoto wake. Mimi nilikuwa wa kwanza, nikaitwa Spesi, na nilipofika miaka tisa nikakabidhiwa mbuzi.

Walikuwa watatu, wote majike. Mukecuru, yaani bibi kizee, alikuwa mkuu wao, mweusi mwenye ndevu, mwenye dharau kwa watu wote. Gaju alikuwa wa rangi ya udongo, mpole. Sukari alikuwa mweupe, mdogo kuliko wote, mlafi asiyechagua. Aliwahi kula nusu ya sare yangu ya kaki iliyoanikwa uani, nikaenda shule na sketi ya Mama iliyokunjwa mara tatu kiunoni.

Vijana wa leo wakisikia habari za kulisha mbuzi wanadhani ni kumfungua asubuhi na kumfunga jioni. Laiti. Majani mazuri ya nchi yalikuwa ufukweni, na ufukweni kulikuwa na viboko. Jua likianza kushuka walipanda kutoka majini, wakakata majani yote safi kama kinyozi, na Mama alikuwa na neno lake: "Kiboko haulizi we ni mutoto wa nani." Kwa hiyo ufukweni hatukuthubutu baada ya saa tisa. Na kiangazi kikiingia, mwezi wa saba na wa nane, hata hayo majani ya viboko yaligeuka manyoya makavu. Hapo ndipo ilibidi tuinue macho juu ya miti. Tulipanda, tukakata matawi, tukafunga mizigo, tukaibeba kichwani huku siafu wakitutembelea shingoni. Majani ya parachichi yalikatazwa kabisa, maana yalikausha maziwa, au hata kuua. Mengine tulijifunza kwa kuwatazama mbuzi wenyewe.

Nikimaliza hapo ndipo nilipokuwa huru. Tuliruka kamba iliyosukwa kwa magome ya migomba, tukacheza mawe matano mpaka vidole vikachubuka, kisha ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizokaangwa na nyanya, watoto wote sahani moja, na mwenye mkono mwepesi ndiye aliyeshiba. Hakuna aliyetuuliza kama tunapenda ndagala. Siku hizi mtoto anaulizwa, anajibu "apana", na mama yake anakwenda kumkaangia yai.

Nilikuwa na miaka saba hivi Mama Furaha alipohamia jirani yetu. Alitoka upande wa Uvira, Kongo, na binti mmoja, Furaha, rika langu, na mume aliyekuwa akienda na kurudi mpakani Gatumba na mizigo yake, mara nyingi zaidi akienda kuliko kurudi. Mama alimpenda siku ile ile, nadhani kwa sababu ya Kiswahili chake; walikaa wakichambua sombe, majani ya muhogo, na kucheka mambo ambayo mimi sikuyaona ya kuchekesha. Mimi na Furaha tulikuwa kama kidole na kucha. Alikuwa na mguu mrefu, hakuna aliyemshinda kamba.

Katika mizigo yake Mama Furaha alileta mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa, bapa, za kahawia, zinazong'aa. Alizipanda kwenye mpaka wa viwanja vyetu viwili, mstari mzima, kutoka barabarani hadi kwenye shimo la takataka. Baada ya misimu miwili ya mvua ilikuwa miti kamili, myembamba, yenye vijani vidogo vidogo kama unyoya wa kuku na maganda mepesi yaliyochakacha upepo ukipita. Aliiita lesena. Mbuzi walipoionja mara ya kwanza, Sukari alilia kwa hasira matawi yalipokwisha. Hata kiangazi ilibaki kijani. Ukikata tawi, mvua mbili baadaye yametoka matatu.

Mama alifurahi sana hata akamwahidi Mama Furaha kwamba Gaju, ambaye alikuwa ameshika mimba, akizaa jike, huyo jike ni wake. Kwetu mbuzi wa kupewa si mbuzi tu. Ni neno linalotembea kwa miguu minne kutoka nyumba hii kwenda ile.

Siku Mama Furaha aliponipa ruhusa ya kukata, alinishika mkono akaniambia, "Spesi, sikiliza. Hii majani ni muzuri, lakini usiwapatie hiyo peke yake. Mara moja hii, mara mbili ingine. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia. Kwa wiki kadhaa nilifanya hivyo hivyo: fungu moja la lesena, mawili ya mvumu, mforosadi, majani ya migomba au chochote nilichokipata. Lakini mvumu ulikuwa mbali, karibu na kanisa, na mforosadi ulikuwa kwa mzee mmoja mwenye mbwa. Lesena ilikuwa hatua kumi kutoka zizini. Na Furaha alikuwa ng'ambo ya ua wa miti hiyo hiyo, kamba mkononi, akiniita. Nikaanza kukata lesena tupu. Mbuzi wenyewe hawakulalamika. Nilidhani ile "mara moja, mara mbili" ilikuwa kama maneno mengine ya wakubwa, kama kutofagia usiku au kutopiga mluzi ndani ya nyumba. Maneno ya kusemwa tu. Na kiangazi kilipokuwa kimekausha kila kitu, nani angenilaumu?

Yapata wiki tatu baadaye, nikimsugua Sukari mgongoni, nywele zilibaki mkononi mwangu. Nilizitazama nikadhani nimemvuta. Kesho yake kulikuwa na kiraka kitupu shingoni, ngozi ya waridi kama ya mtoto mchanga. Gaju naye akaanza mkiani, akapanda hadi mabegani. Haikuwa upele, hawakujikuna. Nywele zilitoka tu, kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Walidondokwa na mate, wakapungua.

Baba alisimama zizini mikono nyuma, akawazunguka mara mbili. "Mi siamini mambo ya uchawi," alisema. "Lakini mbuzi wangu wananyonyoka."

Na mtu akianza hivyo, mnajua anakomalizia. Nani ameingia nyumba hii karibuni? Nani anayewasifu hawa mbuzi kila asubuhi, kwamba wamenona, kwamba Gaju ana tumbo zuri? Nani aliyeahidiwa mtoto wao? Mama alibishana naye kwa sauti ya chini, nyuma ya pazia, lakini Jumapili baada ya misa Baba alisimama na wanaume wenzake nje ya kanisa, na niliyasikia aliyoyasema kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono mdogo wangu karibu yao. Alisema, kwa Kiswahili chake cha uangalifu, kwamba kuna watu wanavuka mpaka na vitu vyao, na kwamba jicho la jirani linaweza kumnyonyoa mbuzi. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Wiki hiyo hiyo wanawake waliokuwa wakinunua mboga kwa Mama Furaha walianza kupita bila kusimama.

Baba aliacha kumsalimu. Sisi watoto tulikatazwa kuvuka. Furaha alikuja kwenye ua siku ya kwanza na ya pili na kamba yake, akasimama, akaniangalia ninavyojifanya sioni, akaenda. Siku ya tatu hakuja.

Sasa nataka niseme ukweli juu ya nafsi yangu ya wakati ule. Nilihuzunika, ndiyo, lakini kulikuwa na kitu kilichonisumbua kuliko huzuni. Mukecuru alikuwa na nywele zake zote. Ndevu, mkia, kila kitu, mweusi kama sufuria. Alilala zizi moja na wenzake, akanywa ndoo moja, akapita mbele ya macho yale yale ya Mama Furaha. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikamtazama mchana mzima. Kama ni jicho, kwa nini limemruka? Jicho baya linachagua rangi?

Jioni nilipowatupia majani ndipo nilipoona. Nililiona jambo ambalo nilikuwa nikiliona kila siku. Mukecuru hakuyagusa. Alinusa lesena, akapiga chafya, akaenda zake kula maganda ya ndizi na mabua ya maharage karibu na jiko. Hakuipenda tangu mwanzo, kwa ukaidi wake tu. Sukari na Gaju ndio waliokula.

Nilipaswa kwenda ndani dakika ile ile. Lakini nilikuwa mtoto wa kuonja majani, sikuridhika na kudhani. Nilitaka kuona kwa macho. Nikaamua hivi: Sukari nitamnyima lesena kabisa, nitamtafutia mvumu na mforosadi hata kama ni mbali na hata kama mbwa yupo. Gaju nitamwachia lesena yake kama kawaida. Halafu nitatazama. Kama Sukari ataota nywele na Gaju asiote, nitakuwa nimejua.

Nilifanya hivyo wiki nyingi. Niliamka kabla ya Baba, nikamfunga Sukari upande wa pili wa zizi, nikakimbilia mvumu, nikarudi na umande miguuni. Shuleni nilisinzia. Kila alasiri nilipitisha kiganja kwenye shingo ya Sukari, kinyume na uelekeo wa nywele, na siku moja nikahisi ukwaru. Baada ya siku chache zilionekana kwa macho: nywele fupi nyeupe, laini, kama ukungu juu ya mkate. Gaju alikuwa amebaki na nywele za miguuni tu, kama aliyevaa soksi.

Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilikuwa nimejua kitu ambacho hakuna mtu mkubwa aliyekijua. Nilipanga kumwambia Mama jioni hiyo, akimaliza kusonga ugali.

Jioni hiyo Gaju alitupa mimba. Mama ndiye aliyemkuta. Walikuwa wawili, bila nywele hata moja, na mmoja wao alikuwa jike. Mama aliwafunika na jani la mgomba akakaa pale chini muda mrefu, na mimi nikasimama mlangoni mwa zizi na habari yangu nzuri mdomoni, nikaimeza.

Siku zilizofuata sikusema. Nilijiambia pengine ni kitu kingine. Nilijiambia nitasema kesho. Ndugu mmoja wa Baba alikuja kutupa pole akasema kwamba miti ile nayo si bure, mwanamke hawezi kubeba mbegu kutoka kwao zikiwa mbegu tu. Jumamosi asubuhi nilimsikia Baba akinoa panga.

Alianzia barabarani. Lesena si mti mgumu; mapigo manne, matano, unalala. Upande wa pili Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ndani ya kitenge, na Furaha kando yake. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimtazama Furaha, naye alikuwa anatazama mikono ya Baba. Wa nne ulipolala niligundua kwamba nimeshavuka uani na niko karibu na panga.

"Papa," nilisema, "si miti. Ni mimi."

"Toka hapo utaumia."

"Ni mimi niliwapa vibaya."

Baba alishusha panga. Nilimweleza yote: neno la Mama Furaha, uvivu wangu, kamba, Mukecuru na maganda ya ndizi, Sukari na nywele mpya. Nilipofika kwa Gaju alinyanyua mkono kunisimamisha.

"Gaju ulimwachia kusudi?"

"Nilitaka kuona."

Alikaa juu ya mti ulioanguka. Nilingoja kiboko; siku hizo hatukungoja kitu kingine. Hakunipiga. Aliangalia mikono yake, yenye utomvu, kisha akaangalia ng'ambo, mlangoni, ambapo sasa hapakuwa na mtu.

"Osha miguu," alisema. "Tunaenda."

Mama Furaha alitupokea jikoni. Alituwekea viti viwili, yeye akabaki amesimama mlangoni. Baba alivua kofia. "Mama Furaha," alisema, "nilikusema vibaya. Na nimekata miti yako. Mutoto huyu amenieleza."

Mama Furaha aliniangalia mimi. "Nilikwambia namna gani, Spesi?"

"Mara moja hii, mara mbili ingine."

"Na kwa nini nilikwambia?"

"Sijui."

"Kwetu mbuzi wa baba yangu walinyonyoka wote mpaka wakakuwa kama panya. Kiangazi, majani hakuna, tuliwapa hiyo tu. Ndiyo tulijua." Akakaza kitenge kiunoni. "Sikukwambia hiyo sababu. Hapo ni kosa yangu. Mutoto anapaswa kuambiwa sababu."

"Kwa nini hukuniambia mi, walipoanza?" Baba aliuliza.

"Papa Spesi, ulinikatia salamu. Mutu amekukatia salamu, utamwambia nini?"

Baba alikubali kwa kichwa. Alianza kusimama, akidhani yameisha. Mama Furaha hakuondoka mlangoni.

"Yale ulisema mbele ya watu," alisema. "Haya unanisemea jikoni."

Sikuelewa. Baba alielewa. Jumapili baada ya misa alisimama pale pale, na wale wale, kofia mkononi, na mimi alinishika bega nisitoroke. Alisema kwamba mambo aliyoyasema juu ya jirani yake ni uongo, na kwamba mbuzi walinyonyoka kwa kula lesena tupu nyumbani kwake, mikononi mwa mtoto wake, wakati mwanamke huyo alikuwa ametoa onyo. Alisema polepole, jiwe kwa jiwe, na katikati Kiswahili kikamwishia akamalizia kwa Kirundi. Mzee mmoja alicheka. Baba alingoja mzee amalize kucheka, kisha akarudia, safari hii akitaja jina: "Mama Furaha hana kosa." Mama Furaha alikuwa amesimama na wanawake, amevaa kitenge chake cha njano. Hakutabasamu. Alifunga vizuri kilemba chake akaanza kwenda nyumbani, na Mama akaondoka pale alipokuwa akamfuata, wakaenda sambamba.

Sitawadanganya kwamba yote yalirudi kama zamani. Wanunuzi wake walirudi, lakini mmoja mmoja. Gaju alipona, akavaa nywele mpya nyeusi kidogo kuliko za kwanza, na mwaka uliofuata alizaa jike. Baba mwenyewe alimbeba mikononi hadi kwa jirani. Mimi na Furaha tuliruka kamba tena. Lakini mama yake, ambaye zamani aliingia uani kwetu akiongea tangu barabarani, tangu siku zile alisimama kwanza kwenye mpaka akaita hodi, akangoja kujibiwa. Aliita hodi hivyo mpaka walipohamia Gatumba, mimi nikiwa nimeingia sekondari.

Huko sekondari ndiko mwalimu wetu wa kilimo alikoandika ubaoni jina refu la kitu kilichomo kwenye jani la lesena, akaeleza kwamba linalisha vizuri likichanganywa, na kwamba likizidi linaangusha nywele na mimba. Wenzangu walinakili. Mimi niliweka kalamu chini, nikashindwa kunakili, nikaomba ruhusa kwenda nje. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nilikuwa nimekijua kitu hicho nikiwa na miaka tisa, na nilikijua kwa gharama isiyo yangu.

Leo ninaishi kwenye kiwanja kile kile cha wazazi wangu. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, nzuri, zenye maua na walinzi. Nilimuuliza binti yangu Kelia, mwenye miaka kumi na nne, mbuzi anakula nini, akafikiri kidogo akasema, "Si ndizi za kuchoma?" Anamjua mbuzi kwenye brosheti tu, yaani mishikaki, na brosheti kweli huja na ndizi. Nilicheka mpaka nikakaa. Nilipomwambia kwamba mimi katika umri wake nilikuwa nimeonja kila mti wa mtaa huu, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia habari za njaa.

Sisi tulikuwa na vumbi, siafu na viboko vya aina zote mbili, vya ziwani na vya mkononi. Sitasema tulikuwa wema kuliko wao, mmesikia wenyewe. Lakini tulijua majirani zetu hata kiasi cha kuwaumiza, na tuliwajua hata kiasi cha kwenda kusimama mbele yao.

Mwezi uliopita Kelia aligombana na binti wa majirani wa nyuma, ambao tunapakana nao ukuta. Yalikuwa mambo ya simu, maneno yaliyoandikwa yakasomwa na darasa zima, na safari hii mwenye kosa alikuwa Kelia; alinikubalia mwenyewe, akilia. Alikuwa ameandika samahani akaifuta, akaandika tena akaifuta. Kisha yule mwenzake akamfungia asiweze kumwandikia kabisa. Nikamwambia aweke simu chini, aende kwao, abishe hodi, aseme kwa mdomo.

Alijifuta macho. "Geti yao ni ipi, Mama?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Huu ni mwaka wa tatu tunasikia sahani zao zikioshwa, tunasikia baba yao akikohoa asubuhi, tunajua siku wanayokaanga samaki. Geti lao linatazama barabara nyingine, nami sijawahi kupita huko kwa miguu.

Tukavaa viatu, tukatoka sote wawili kwenda kulitafuta.